Kabla hujalaumu mbolea, pima maji: viazi mviringo kati ya chumvi, magadi na samadi

Mkulima kafanya kila alichoelekezwa. Kaweka samadi, kapandia DAP, kakuzia CAN, kainulia matuta, kamwagilia kila baada ya siku nne kiangazi chote. Siku ya kuvuna viazi vinatoka vidogo kama ndimu, na vingine vina upele. Wa kwanza kulaumiwa ni aliyemuuzia mbegu. Wa pili ni mwenye duka la pembejeo: mbolea yake imechakachuliwa. Maji hayatajwi kabisa, maana maji ni maji.

Tupige hesabu kidogo. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, hukadiria kwamba viazi vinahitaji maji ya kimo cha milimita 500 hadi 700 tangu kupandwa hadi kukomaa. Tuchukue 500. Kwa ekari moja isiyopata mvua hizo ni lita milioni mbili, yaani ndoo laki moja za lita 20. Sasa chukua maji ambayo mtu anayanywa bila kukunja uso, yenye gramu 0.64 tu za chumvi katika kila lita. Zidisha. Kwa msimu mmoja umeingiza shambani kilo 1,300 za chumvi, sawa na mifuko 26 ya kilo 50. Mbolea uliyonunua dukani ni mifuko minne, pengine mitano.

Kwa hiyo anayemwagilia anaweka mbolea kubwa kuliko aliyolipia, na hajui imetengenezwa na nini. Bila kujua kilichomo kwenye ile mifuko 26, kuuliza "nichanganye samadi na mbolea ya dukani kwa kiasi gani?" ni sawa na kuuliza chumvi ngapi ya kutia kwenye mchuzi ambao hujauonja.

Lugha yetu tayari imefanya nusu ya kazi ya kemia. Mashambani mbolea ya viwandani huitwa mbolea ya chumvichumvi, na jina hilo ni sahihi kuliko wengi wanavyodhani: DAP, CAN, SA (salfeti ya amonia) na NPK zote ni chumvi, zinayeyuka na kuongeza chumvi kwenye maji ya udongo kama inavyofanya chumvi ya mezani. Pia watu wa maeneo makavu hutofautisha maji ya chumvi na maji ya magadi. Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu hayo ni maradhi mawili tofauti na dawa ya moja inaweza kulizidisha lingine.

Maji ya chumvi yana kila kitu kwa wingi: sodiamu, kalsiamu, kloridi, salfeti. Tatizo lake ni wingi. Mzizi hunyonya maji kwa kuvutana na chumvi iliyomo kwenye udongo, na chumvi ikizidi, mmea unaona kiu huku umesimama kwenye tope. Kipimo chake ni uwezo wa maji kupitisha umeme, unaoandikwa kwa desisiemensi kwa mita. Kiazi si mvumilivu sana. Kwa jedwali la FAO, maji ya kipimo 1.1 hayapunguzi mavuno, ya 1.7 yanapunguza sehemu ya kumi, ya 2.5 yanaondoa robo, na yakifika 3.9 nusu ya mavuno imekwenda. Shayiri kwenye maji hayohayo isingeshtuka.

Maji ya magadi ni mengine. Chumvi yake inaweza kuwa ndogo kabisa kwa kipimo cha umeme, na ukiyaonja huenda usihisi chochote zaidi ya utelezi kidogo mdomoni. Tatizo lake ni uwiano: sodiamu nyingi, bikaboneti nyingi, kalsiamu kiduchu. Kila jikoni la Kanda ya Kaskazini linajua magadi yanafanya nini kwenye sufuria ya maharage. Yanalainisha, yanavunja kilichokuwa kigumu mpaka kinapondeka. Shambani yanafanya jambo linalofanana na hilo. Kalsiamu ndiyo inayoshikanisha chembe za mfinyanzi kuwa vibonge vyenye nafasi za kupitisha maji na hewa. Sodiamu ikichukua nafasi ya kalsiamu, vibonge vinasambaratika, vumbi lake linaziba matundu, na ardhi inakuwa tope ukimwagilia na sakafu ikikauka. Kiazi kinataka udongo wa kupumua, na sasa kinajaribu kunenepa ndani ya tofali.

Bikaboneti inaongeza ubaya kwa njia ambayo utaielewa ukichungulia ndani ya birika la chai. Ule ukoko mweupe ni kalsiamu iliyokutana na bikaboneti ikaganda kuwa chokaa. Udongo unapokauka baada ya kumwagilia, yaleyale yanatokea: bikaboneti inaigandisha kalsiamu ya udongoni, na sodiamu inabaki mwenye nyumba. Ndiyo maana mabingwa wa maji hutoa jumla ya kalsiamu na magnesiamu kutoka kwenye jumla ya bikaboneti na kaboneti, zote kwa kipimo cha milikwivalenti kwa lita, kipimo cha maabara kinachohesabu chaji za umeme badala ya uzito. Kinachobaki kikizidi 2.5, maji hayo hayafai kumwagilia bila kutibiwa. Chini ya 1.25 ni salama.

Mahali pa kuyaona haya kwa macho ni miteremko ya Mlima Meru mkoani Arusha, hasa upande wa kaskazini, kule Ngarenanyuki, ambako mito na mifereji inamwagilia nyanya, maharage, kabichi na viazi. (Jina lenyewe kwa Kimaasai ni maji mekundu.) Miamba ya volkano ile ina sodiamu nyingi, na mvua ikipenya ndani yake inatoka chemchemini ikiwa imebeba sodiamu, bikaboneti na floridi. Kwa floridi hiyo, meno ya kahawia ya watu waliokulia pande zile yanajulikana nchi nzima. Shirika la Afya Duniani linataka floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na vyanzo vingi vya Meru vinavuka kiwango hicho mara kadhaa.

Kwa mkulima wa viazi, yale meno ni kipimo cha maabara alichopewa bure. Floridi na kalsiamu hazikai nyumba moja: kalsiamu ikiwa nyingi, huikamata floridi na kuizamisha kama madini. Kwa hiyo chanzo chenye floridi nyingi karibu kila mara kina kalsiamu haba, na kalsiamu haba ndiyo mwanzo wa habari yote ya magadi. Floridi yenyewe haisumbui sana zao. Udongo usio na tindikali huizuia. Ila inakwambia ilikuja na nani.

Sasa tushuke kwenye tuta. Ukimwagilia kwa mfereji, maji yanakaa bondeni kati ya matuta mawili, kisha yanapanda ndani ya tuta kama mafuta ya taa kwenye utambi. Yanapofika kileleni jua linayachukua. Chumvi hairuki na jua, inabaki palepale. Kwa hiyo sehemu yenye chumvi nyingi kuliko zote shambani ni kilele cha tuta, mahali hasa ulipopanda mbegu. Pita asubuhi siku mbili baada ya kumwagilia ukatazame. Utando mweupe unaong'aa kileleni ni chumvi. Utando wa rangi ya kahawia nyeusi, kama mafuta machafu yamemwagika, ni magadi, kwa sababu yanayeyusha mboji ya udongo na kuipandisha juu. Kwenye maji ya chumvi, kupanda mbegu ubavuni mwa tuta badala ya kileleni kunasaidia, na hakugharimu hata shilingi.

Anayetumia mipira ya matone yuko pazuri zaidi, kwa kuwa matone yanaisukuma chumvi pembeni mwa duara la unyevu. Anayetumia mashine ya kurusha maji aangalie jambo jingine: sodiamu na kloridi zikikauka juu ya jani huliunguza kuanzia ukingoni, na kiazi kimo kwenye kundi la mazao yanayoungua upesi. Amwagilie alfajiri au jioni.

Ndipo tunafika kwenye mbolea mseto, yaani samadi au mboji pamoja na mbolea ya viwandani. Maelezo ya kawaida ni kwamba samadi inaleta kidogo polepole, ya dukani inaleta nyingi haraka, ukichanganya unapata vyote. Ni kweli, lakini ni robo ya habari.

Tuanze na njaa ya kiazi. Tani moja ya viazi inapotoka shambani inaondoka na karibu kilo 3 za naitrojeni, zaidi ya kilo 4 za potasiamu, na nusu kilo tu ya fosforasi. Linganisha na mfuko wa DAP: asilimia 18 naitrojeni, asilimia 46 fosfeti, potasiamu sifuri. Mkulima wa DAP na CAN peke yake anauza potasiamu ya shamba lake sokoni kila msimu na hairudishi. Samadi inairudisha, na ndiyo sababu moja wapo shamba la samadi hutoa viazi vizito.

Lakini fosforasi nusu kilo, mbona tunaimwaga kwa mifuko? Kwa sababu udongo wa volkano, wa Meru na wa Uporoto kule Mbeya, unaikamata na kuing'ang'ania. Sehemu kubwa ya DAP inafungwa kabla mzizi haujafika. Samadi ikioza inatoa tindikali za asili zinazoshindania viti vilevile kwenye udongo, na fosforasi inabaki huru kwa muda mrefu zaidi. Hapo ndipo mseto unapozaa kuliko jumla ya vilivyochanganywa: samadi haijaongeza fosforasi nyingi, imeifanya ile ya dukani isipotee.

Na maji yanaingiaje? Yanabadilisha kila mbolea iwe nyingine. Chukua urea. Kwenye udongo wenye tindikali kidogo na maji safi, inatulia. Kwenye udongo uliomwagiliwa magadi miaka kumi, sehemu yake inageuka gesi ya amonia na kuondoka na upepo. Ukipita unasikia harufu kali puani, na hiyo ni hela yako. Samadi mbichi ya kuku inafanya hivyohivyo. Hapo SA inafaa zaidi, kwa sababu inaleta salfa na kuushusha ukali wa magadi. Lakini SA hiyohiyo ikiwekwa mwaka baada ya mwaka Njombe, kwenye maji mazuri na udongo ambao tayari una tindikali, inauharibu. Fosfati ghafi ya Minjingu, yaani mwamba wa fosforasi uliosagwa, nayo inahitaji tindikali ili iyeyuke. Njombe inafanya kazi. Kwenye shamba la magadi inalala usingizi.

Majivu ya jikoni ni mfano mzuri kuliko yote. Wengi wanayasifu, na yana potasiamu kweli. Ila majivu ni binamu wa magadi: bibi zetu wa pande nyingine waliyachuja wakapata maji ya kulainishia mboga. Kuyamwaga kwenye shamba la maji ya magadi ni kuongeza ugonjwa. Isitoshe, upele wa viazi hupenda udongo unaovuka 5.5 kwa kipimo cha tindikali (pH), ambacho kikipanda tindikali inapungua, na maji ya bikaboneti yanausukuma huko kila wiki. Mtu anaona upele, anaambiwa aongeze chokaa na samadi mbichi, na vyote viwili vinaulisha.

Kwenye maji ya chumvi, chunga potasiamu unayonunua. Iliyo rahisi ni ya kloridi, nayo ni miongoni mwa mbolea zinazoongeza chumvi kuliko zote. Maji yana kloridi, mbolea ina kloridi, kiazi kinanyonya zote na kinajaa maji badala ya wanga. Mzani shambani hauoni tofauti. Anayeona ni mkaanga chipsi: viazi vinakunywa mafuta, vinalegea kwenye sahani, na mwezi unaofuata hanunui tena kutoka kwako. Potasiamu ya salfeti ni ghali zaidi, lakini kwa shamba la namna hii ndiyo yenye hesabu. Kuna na jambo la afya: huko Australia Kusini, miaka ya 1990, watafiti walikuta kwamba viazi vya mashamba yenye chumvi ya kloridi vinabeba kadimiamu zaidi. Kadimiamu ni metali ya sumu inayokuja kwa kiasi kidogo ndani ya mbolea za fosfeti, na kloridi inaisaidia kuingia kwenye mzizi. Mbolea peke yake haikuleta tatizo, wala maji peke yake.

Samadi yenyewe si malaika. Mifugo inayolambishwa magadi inayatoa kwa kinyesi na mkojo, na samadi iliyokaa zizini kavu mwaka mzima bila mvua imekusanya chumvi. Ya kuku ina chumvi zaidi ya ya ng'ombe. Kwenye maji yenye kipimo cha umeme cha 2, tani nyingi za samadi ya namna hiyo wiki moja kabla ya kupanda zinaweza kuchoma chipukizi. Iozeshwe kwanza, ilowe mvua, iwekwe mapema. Ikiwa nzuri, inafanya kwenye magadi kazi ambayo hakuna mfuko wa dukani unaoifanya: gundi ya viumbe wanaoila inashikanisha tena vibonge vilivyosambaratishwa na sodiamu.

Lakini gundi haitoi sodiamu. Ya kuitoa ni kalsiamu, na kalsiamu ya bei nafuu kwetu ni jasi, ileile inayochimbwa Makanya wilayani Same na kupelekwa viwanda vya saruji. Jasi haiongezi ukali wa magadi kama chokaa. Inaingia, inaifukuza sodiamu, kisha maji ya ziada yanaisomba kwenda chini. Usipoisomba, umeihamisha kitanda tu.

Hapo kwenye kusomba ndipo fundo linapokaza. Ili chumvi isijae mizizini, unapaswa kumwagilia zaidi ya anachohitaji kiazi. Kwa maji ya kipimo 1.1, karibu asilimia 15 zaidi. Maji hayo ya ziada hayachagui. Yanasomba chumvi, na naitreti ya CAN uliyoweka juzi yanaisomba vilevile, maana nayo ni chumvi inayoyeyuka. Anayekuzia kwa mkupuo mmoja kisha akafungulia mfereji amelipia mbolea ya kisima cha jirani. Njia ninayoiona ina akili ni kusomba kabla ya kupanda, shamba likiwa na samadi tu, ambayo naitrojeni yake bado imefungwa ndani ya mboji na haisombwi kirahisi. Kisha kuikata ya kukuzia mara mbili au tatu ndani ya wiki za tatu hadi nane. Kwa hiyo kwenye maji yenye chumvi, sehemu ya samadi kwenye mseto inapaswa kuwa kubwa kuliko Njombe, hata kama ekari inalingana na mbegu ni ileile.

Kuna na maji yanayoleta mbolea ya kweli. Mto unaopita chini ya mji, bwawa la majitaka yaliyosafishwa, kisima kifupi karibu na vyoo: haya huwa na naitreti. Yakiwa na miligramu 10 za naitrojeni kwa lita, zile lita milioni mbili zinaleta kilo 20 kwa ekari, kama mfuko mmoja na nusu wa CAN. Vizuri, ila mfereji haujui wakati wa kuacha. Kiazi kinatakiwa kifike mwisho kikiwa na njaa kidogo ya naitrojeni ili majani yanyauke na ganda likaze. Kikilishwa hadi siku ya mwisho, majani yanabaki mabichi, ganda linachubuka kwenye gunia, na viazi havikai ghalani. Mwenye maji kama hayo apunguze ya kukuzia, hasa ile ya pili.

Mnyauko bakteria nitautaja upesi, kwa kuwa hauna hesabu. Unasafiri na mfereji. Shamba la juu likiwa nao, maji yanayotiririka kutoka humo yanauleta kwako, na hausikii mseto wowote wa mbolea. Uholanzi ilipiga marufuku kumwagilia viazi vya mbegu kwa maji ya mito na mifereji kwa sababu hiyohiyo. Ukiona mmea umelegea mchana huku majani bado ni ya kijani, kata shina lake, litumbukize kwenye glasi ya maji. Uzi mweupe kama ute ukishuka, acha kutumia mfereji huo kwa viazi.

Sampuli za maji na udongo zinapimwa TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano kule Tanga, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro, na kwa Kenya kwenye maabara za KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo. Omba kipimo cha umeme, sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, bikaboneti na kloridi. Ukipewa tindikali peke yake, hujapewa kitu. Na upime mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa yamepungua; ya mwezi wa nne yatakudanganya. Mvua hiyohiyo ya masika ina mtego: shamba la magadi lililoonekana salama kiangazi huziba masika yakiingia, kwa sababu maji safi ya mvua yanaondoa chumvi iliyokuwa ikishikilia udongo na kuiacha sodiamu peke yake.

Kama safari ya maabara ni ya mwezi ujao, kuna la kufanya leo. Chukua bonge la udongo mkavu kutoka kwenye tuta, ukubwa wa kokwa la embe. Liweke taratibu kwenye bakuli la maji ya mvua, usilitikise, ukalale. Asubuhi likiwa limebomoka lakini maji ni maangavu, sodiamu si adui yako mkubwa. Likiwa limezungukwa na wingu kama chai ya maziwa, ni magadi. Rudia na bonge jingine, safari hii maji ya mvua uyakoroge kwanza na kijiko cha jasi. Wingu lisipotokea, unajua cha kununua kabla ya DAP.